Malaika Aliyefumba Macho

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno la wiki hii ni Warumi 8:26: "Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa." Tangu tutoke msibani Jumamosi nimekuwa nalo, na kila nikilisoma namkumbuka malaika mmoja wa shaba.

Ananing'inia katika kanisa kuu la Güstrow, mji mdogo wa kaskazini mwa Ujerumani. Mchongaji Ernst Barlach alimtengeneza mwaka 1927 kuwa kumbukumbu ya waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Hana mabawa. Amejinyoosha hewani, mikono ameipishanisha kifuani, macho kayafumba, kinywa kimya. Wengi walizoea kumbukumbu za vita zenye askari shujaa na panga. Huyu hashangilii wala halii kwa sauti. Barlach mwenyewe alishabikia vita vilipoanza mwaka 1914, akaenda jeshini, akarudi mtu mwingine.

Uso wa malaika unafanana na wa Käthe Kollwitz, msanii wa Berlin. Barlach alisema sura hiyo ilijiingiza yenyewe, hakuipanga. Mwana wa mama huyo, Peter, aliuawa Ubelgiji Oktoba 1914, akiwa na miaka 18. Kollwitz alihangaika miaka mingi kumtengenezea mwanawe sanamu ya ukumbusho, akaiacha, akaianza upya. Mwaka 1932 ndipo wazazi wawili wa mawe walipowekwa kwenye makaburi ya askari kule Ubelgiji. Wamepiga magoti wote. Baba amejikumbatia kama mtu anayezuia kitu kisimtoke kifuani. Mama ameinama kabisa. Kila mmoja yuko peke yake juu ya jiwe lake, hawagusani. Waliowahi kuzika mtoto wataelewa kwa nini.

Mwaka 1937 malaika aliondolewa. Utawala wa Hitler uliita kazi za namna hii sanaa iliyooza. Mtu wao alipaswa kuwa na misuli na kidevu juu. Baadaye shaba yake iliyeyushwa kwa mahitaji ya vita. Ninachoshindwa kukimeza ni kwamba alitolewa kanisani, mahali tunapoimba habari za Yesu, Mtu wa huzuni, na viongozi wa kanisa wa jimbo hilo walikubali. Barlach alifariki mwaka uliofuata. Lakini kalibu yake ilikuwa bado ipo, na rafiki zake wakamsubu malaika wa pili kwa siri, wakamficha kijijini hadi vita vikaisha. Huyo yuko Köln, mji wa magharibi mwa Ujerumani, na kutoka kwake akapatikana wa tatu, aliyerudi Güstrow mwaka 1953.

Sasa nirudi msibani. Mimi nilisimama nikanena maneno mengi: ni mapenzi ya Mungu, jikaze mama, usilie sana. Mfiwa aliitikia "amina" bila kuniangalia. Baadaye dada mmoja akaja, akavua kandambili, akaketi mkekani karibu naye, hakusema neno. Nilikuwa nakunywa chai pale mlangoni nilipomwona yule mama, taratibu, akiegemeza kichwa begani kwake.

Jumatano saa kumi na moja jioni tunakwenda tena kwake. Mahubiri tumeyafuta. Atakayeweza aje na sukari au unga, tutakaa naye.