Kicheko cha Kwanza: Nilivyomtumia Sun Tzu katika Platuni Yangu

Siku nilipokabidhiwa platuni yangu ya kwanza, askari 32 pamoja na sajini aliyeingia jeshini nikiwa bado shule ya msingi, afisa mmoja aliyenitangulia aliniketisha mesini akanipa ushauri ambao unanikera hadi leo kila ninapousikia ukitolewa kwa vijana. "Bwana mdogo," aliniambia, "hukusoma kisa cha Sun Tzu na wanawake wa mfalme? Kata vichwa viwili mapema, waliobaki watanyooka." Sun Tzu ni yule jemadari wa China ya kale anayetajwa kuwa mtunzi wa kitabu cha Sanaa ya Vita, na mshauri wangu alimaanisha niadhibu kwa ukali kabla ya jambo jingine lolote. Nami, kwa kuwa wazee wa jeshi letu walifunzwa na wakufunzi kutoka China tangu miaka ya 1960 na sifa za mafunzo hayo nilizisikia tangu ukuruta, nilimtii kwa takribani miezi minne.

Matunda yake niliyaona katika zoezi la usiku. Jioni, nikiwa nimesimama juu ya kichuguu, niliwanyooshea mkono na kuwaambia kwamba saa nane usiku tutavuka korongo na kukishika kile kilima. Mbele yetu palikuwa na vilima viwili. Seksheni moja, yaani kundi moja kati ya matatu ya platuni, ilikwenda na mimi, ya pili ikapanda kilima cha kusini, ya tatu ikabaki korongoni ikisubiri ishara ambayo sikumbuki kuitoa, na alfajiri ilitukuta tukitafutana. Niliwapiga kwata juani na mizigo yao mgongoni hadi mchana, na ndipo askari mdogo kuliko wote, jasho likimdondoka kidevuni, aliposema kwa adabu: "Afande, sisi tulikwenda kwenye kilima ulichotuonyesha kwa mkono. Tulikuwa tumesimama kushoto kwako."

Usiku ule nilikisoma kile kisa mwenyewe, kama kilivyosimuliwa na Sima Qian, mwanahistoria wa China wa enzi ya Han. Mfalme Helü wa Wu, dola la kale la China, alimpa Sun Tzu wanawake 180 wa kasri awafundishe kwata. Akawagawa vikundi viwili, kila kimoja chini ya kipenzi cha mfalme, akaeleza amri, ngoma ikapigwa, nao wakacheka. Sun Tzu hakumgusa mtu. Alisema kwamba amri isipoeleweka kosa ni la jemadari, akaeleza upya mara kadhaa. Ni walipocheka mara ya pili ndipo alipowakata vichwa wale viongozi wawili. Mshauri wangu alikuwa amekiruka kicheko cha kwanza, na kicheko hicho ndicho kilichonihusu mimi. Sura ya tisa ya kitabu cha Sun Tzu inasema waziwazi kwamba askari wakiadhibiwa kabla hawajakuzoea hawatatii, na wakishakuzoea kisha adhabu isitolewe, hawatafaa kitu. Mpangilio huo haugeuzwi.

Tangu hapo, kabla ya kila zoezi, nilichora ardhi yote mchangani: korongo kwa ncha ya fimbo, vilima kwa mawe, njia kwa kamba ya kiatu. Nikimaliza kutoa amri nilimwita askari wa cheo cha chini kabisa anieleze yeye tunakwenda wapi na kwa nini. Sajini hakupendezwa. "Afande, hawa wataanza kuhoji amri," alisema. Mara ya pili tu, yule kijana wa kilima cha kusini aliuliza: "Afande, saa nane mwezi si utakuwa juu yetu?" Alikuwa sahihi, na tuliondoka saa nne.

Dalili ambazo Sun Tzu aliziorodhesha ili kumsoma adui, mimi nilizitumia kuwasoma watu wangu. Anasema waliotumwa maji wakianza kunywa wao kwanza, jeshi zima lina kiu. Siku ya tatu ya zoezi jingine nilimwona koplo, mtu mwenye nidhamu sana, akiinamia bomba na kunywa muda mrefu huku madumu mawili yakimsubiri miguuni. Nilikwenda kukagua chupa za askari, nikakuta karibu zote ni tupu, na ile yangu imejaa. Katika hesabu yangu ya maji nilikuwa nimesahau ya kupikia. Niliomba maji zaidi siku hiyohiyo, na kuanzia hapo nikawa mtu wa mwisho kupakua na wa mwisho kujaza chupa.

Hata hivyo, kuna jambo moja simfuati. Katika sura ya kumi na moja anataka jemadari awazibe askari macho na masikio, wasijue mipango yake. Jeshi lake lilitembea kwa umati, likiongozwa kwa ngoma na bendera. Seksheni ya leo ina watu kumi waliotawanyika porini, na redio ikizima, kamanda wake asiyejua lengo atakaa korongoni hadi alfajiri kama ile ya kwangu. Wanaotaka tukimeze kitabu kizima bila kutafuna hawajawahi kutafuta seksheni gizani.

Katika zoezi la usiku lililofuata, seksheni zote tatu zilikuwa juu ya kilima kimoja kabla ya saa saba. Kabla hatujaondoka, ni sajini mwenyewe aliyemwita yule kijana mbele ya mchanga na kumkabidhi fimbo.