Mjukuu hapakatwi garini: tulivyokubaliana na wazee

Kumfunga mtoto kwenye kiti chake cha gari ni kazi ya dakika chache. Kilichonichukua muda ni kuwafanya wazazi wangu wakikubali kiti chenyewe. Nyumbani kwetu mtoto ni wa bibi na babu kabla hajawa wa baba na mama, na mara nyingi wao ndio wanaobaki naye. Nilitaka wamfunge hata siku ambayo mimi sipo.

Mama alishuka Dar kutoka Marangu kuja kumlea mke wangu baada ya kujifungua binti yetu. Kwake yeye, mtoto mchanga anasafiri mikononi: anafungwa vizuri kwenye khanga, anapakatwa, na anayempakata anapewa siti ya mbele kwa heshima. Ndivyo tulivyopakatwa sisi wote. Shida ni kwamba siti hiyo ya heshima ndiyo mbaya kuliko zote kwa mtoto. Mfuko wa hewa uliomo kwenye dashibodi unafumuka kwa kasi kubwa mno. Umetengenezwa kwa ajili ya kifua cha mtu mzima, na ukikuta kichwa cha mtoto mbele yake unaua.

Kiti tulikipata kwa shemeji yangu aliyerudi kutoka Ujerumani. Nilikipokea kwa moyo mmoja kwa sababu alikinunua kipya na alijua hakijawahi kuwa kwenye ajali, jambo ambalo muuza mitumba hawezi kukuhakikishia. Hata hivyo nilikigeuza chini juu. Chini ya plastiki kuna alama ndogo ya mviringo kama saa, yenye mshale unaoonyesha mwezi na tarakimu za mwaka kilipotengenezwa. Ubavuni kuna lebo ya rangi ya machungwa yenye herufi E ndani ya duara na namba 1 pembeni, maana yake kiliidhinishwa Ujerumani. Chini yake kuna namba ndefu, na tarakimu mbili za mwanzo ndizo za kuangalia: 04 au 03 ni sawa. Kwenye lebo kama hii ya kanuni ya R44, ikianza na 01 au 02 ni kiti cha kizamani, usikichukue hata ukipewa bure (viti vya kanuni mpya, R129, vina hesabu yao). Lebo hiyohiyo inataja uzito wa mtoto. Chetu ni cha hadi kilo 13, na mtoto anatazama nyuma ya gari.

Kumgeuza atazame nyuma ndiko kulikomsumbua Mama zaidi. "Ataona nini huyu? Mbona kama mmemwadhibu?" Nikamweleza kwamba kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote, na shingo bado laini. Gari likigonga kitu mbele, mtoto anayetazama mbele kichwa chake kinarushwa na shingo ndiyo inayokizuia. Akitazama nyuma, mgongo wote unapokelewa na kiti. Wasweden wanawaacha watoto wao watazame nyuma hadi karibu miaka 4. Mama alisikiliza kwa adabu, akasema tumngoje Baba.

Baba alifika mapema Desemba ili tupande wote kwenda kula Krismasi nyumbani. Aliendesha lori la mizigo kati ya Dar na Tunduma kwa miaka mingi, na alipoacha lori alinunua Peugeot 504 ya kubeba ndizi na sisi watoto. Alikitazama kiti pale sebuleni.

"Wewe na dada zako mlisimama nyuma ya Peugeot yangu mpaka Moshi mjini. Nani alianguka?"

"Hakuna aliyeanguka, Baba. Lakini naomba twende ukanisaidie kukikaza. Wewe ndiye unayejua kufunga mzigo."

Tukatoka nje hadi kwenye gari letu, Noah. Mkanda wa kiunoni unapita kwenye vishikio vya bluu pande mbili za kiti, na wa begani unazunguka nyuma yake. Baba akakandamiza kiti kwa mkono wa kushoto, akavuta mkanda kwa wa kulia kama anavyokaza kamba ya turubai, akatikisa pale mkanda unapopita. Kikacheza. Kipimo ni kwamba kisisogee zaidi ya sentimita 2.5. Akafungua, akaanza upya, na mara hii kikatulia.

Hapo ndipo nilipomkumbusha alichotufundisha tangu tukiwa wadogo, kwamba mzigo usiofungwa ukikanyaga breki unakufuata kwenye kabini. Tukapiga hesabu pamoja. Gari la kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama kwa sehemu ya kumi ya sekunde, kila kilichomo kinakuwa kizito mara 14 hivi. Binti yetu alikuwa na kilo 8. Ni gunia la mahindi na zaidi, mikononi mwa bibi yake. Baba aliwahi kuwazika utingo na madereva wenzake, alijua ninachosema. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Hakuna mikono ya kuzuia gunia." Akaingia ndani kumwambia Mama mwenyewe. Neno lake lilifanya ambalo maelezo yangu yote hayakulifanya.

Lakini Mama naye alikuwa na haki yake, na sikutaka ajione amenyang'anywa mjukuu. Siti ya kando ya mtoto ikawa yake. Amefunga mkanda wake, mkono wake uko kwenye kiganja cha mtoto, anamwimbia, na yeye peke yake ndiye anayemwona uso. Hakuna aliyemwona mtoto vizuri kuliko yeye njia nzima.

Kutoka Dar hadi Marangu ni zaidi ya kilomita 500, na Desemba barabara inajaa. Tulikubaliana jambo moja kabla ya kuondoka: mtoto akilia kwa njaa gari linasimama, hanyonyeshwi likiwa linatembea. Tulisimama Chalinze, Korogwe, Mombo na Same, na Baba ndiye aliyekuwa akichagua mahali pa kuegesha mbali na malori. Kaka yake mtoto alikaa kwenye kiti cha kumwinua, ili mkanda upite katikati ya bega na chini ya tumbo, usimkate shingo.

Kule mlimani asubuhi ni baridi kali, na Mama alimvika sweta nene na blanketi. Nguo nene inadanganya: mikanda inaonekana imekaza kumbe chini yake kuna nafasi. Tukamvua sweta, tukamfunga mpaka vidole visiweze kufinya mkanda wa begani, ndipo blanketi likawekwa juu. Dar shida ni kinyume chake. Kishikizo cha chuma kikikaa juani kinaunguza, kwa hiyo khanga inabaki juu ya kiti gari likiwa limeegeshwa.

Najua wengi wetu tunasafiri kwa daladala na mabasi, ambako kiti hiki hakina pa kufungwa, na hilo linanihuzunisha. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoua watu wengi zaidi wa umri wa miaka 5 hadi 29. Mwenye gari lake anaweza kuchagua, hata kama ni la mtumba. Japani kiti cha mtoto wa chini ya miaka 6 ni lazima kisheria tangu mwaka 2000, na magari mengi tunayoyapata kutoka huko yana pete mbili za chuma za kunasia kiti cha mtoto, zilizojificha kati ya kikalio na egemeo la siti ya nyuma. Za kwetu nilizipapasa kwa vidole, zimejaa mchanga na makombo ya biskuti. Nimeshazisafisha.

Kiti kijacho kitafungwa hapo. Baba hupiga simu kuuliza uzito wa mtoto, na kama kichwa kimekaribia ukingo wa juu wa kiti. Juzi alikuwa na kilo 11. Shemeji anatafuta kikubwa kinachotazama nyuma, na nimemwomba anitumie picha ya lebo kabla hajalipa.