Siku moja maishani mwangu: fundi cherehani wa Ujiji, Mei 4, 2020

Daftari langu la vipimo la mwaka 2020 bado ninalo. Ukurasa wa Jumatatu, Mei 4, umejaa neno moja, barakoa, mahali ambapo mwaka mwingine wowote ungekuta kanzu za watoto na magauni ya Idd. Mtu akiniuliza corona ilikuwaje kwetu Kigoma, huwa naufungua ukurasa huo.

Saa kumi na nusu alfajiri

Daku. Ramadhani ilikuwa imeshakwenda kama siku kumi. Tunaishi Ujiji, mama yangu chumba cha mbele, mimi na wanangu watatu cha nyuma. Tulikuwa tunakunywa uji pale mama alipokohoa, mara moja, mara ya pili. Ana pumu tangu mimi niko mdogo, kikohozi chake nakijua kama ninavyoujua mlio wa cherehani yangu. Lakini mwaka ule akikohoa mara mbili, nyumba nzima ilinyamaza kusubiri ya tatu.

"Msinitolee macho," akasema. "Ni moshi wa kuni."

Baada ya swala akainjika nyungu: mwarobaini, mchaichai, tangawizi na maganda ya malimao. Nchi nzima ilikuwa inajifukiza. Sikubishana naye, nilimwomba mawili tu. Kifua kikianza kubana atoke haraka chini ya blanketi, na watoto wasiingie humo kabisa. Sufuria la maji yanayotokota, giza, na mtoto wa miaka sita anayetaka kucheza. Hapana. Hilo nililikataa kwa sauti ambayo simpandishii mama yangu, na aliniangalia kwa muda, kisha akasema haya mwanangu.

Saa moja asubuhi

Shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi 17, siku moja baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza nchini, aliyepatikana Arusha. Wangu wa kwanza alikuwa darasa la saba. Nilimwachia redio asikilize vipindi vya masomo, nikijua kabisa kwamba nikifika barabarani redio itakuwa kwenye muziki. Nikavaa barakoa, nikatoka.

Saa mbili

Daladala ya kwenda Mwanga. Konda alikuwa anaita "level siti, level siti," maana yake wote tumekaa, hakuna wa kuning'inia. Kabla ya kupanda unanawa kwenye ndoo yenye koki. Kipande cha sabuni ya mawese kilikuwa kimefungwa kwa kamba mithili ya mbuzi, kisiibwe.

Ndani mada ilikuwa moja: papai. Jana yake, Jumapili, Rais Magufuli alizungumza akiwa Chato, akasema sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara kwa majina ya watu na majibu yakarudi kwamba vina corona. Akatilia shaka vipimo vyenyewe. Sasa daladala zima lilikuwa na wataalamu wa maabara. Mzee mmoja akashusha pumzi, akasema alhamdulillahi, kumbe tumekonda bure. Vijana wa nyuma wakaanza kutaniana, wewe papai, wewe mbuzi. Konda naye akaishusha barakoa yake kidevuni, kama mtu aliyeruhusiwa.

Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa mapajani alikuwa kimya muda wote. Akauliza bila kugeuka, "Na mdogo wangu tuliyemzika Dar wiki iliyopita, kilichombana kifua ni nini?"

Hakuna aliyemjibu. Tulikwenda hivyo hivyo mpaka stendi.

Namkumbuka yule mama kuliko hotuba. Siku chache kabla tulikuwa tumetangaziwa wagonjwa 480 nchi nzima. Baadaye Zanzibar wakaongeza wao, ikafika 509 na vifo 21, kisha takwimu zikakoma. Kuanzia hapo kila mtu alihesabu wa kwao. Namba zilipokosekana, kila mmoja aliamini kile ambacho msiba wa mtaani kwake au amani ya mtaani kwake ilimwambia, na ndiyo maana watu wawili wa mtaa mmoja waligombana wote wakiwa wakweli.

Saa tatu

Kibandani nilimkuta Mwalimu ameshafagia. Alikuwa anafundisha hesabu kwenye shule binafsi, shule zilipofungwa na mshahara ukafungwa. Alikuja kwangu akiwa ameinamisha kichwa akauliza kama nina kazi ya mikono. Nikampa mkasi na chaki. Sijawahi kupata mkataji kama yule. Inchi tisa kwa sita, kila kipande pembe mraba, hata uzi mmoja haupotei. Nje kitenge, ndani kanga ya zamani iliyofuliwa sana, kwa sababu kanga ya pamba inapitisha hewa na haichomi midomo. Marinda matatu, yote yaangalie chini, vumbi lisije likatuama. Kisha pasi.

Shida ilikuwa lastiki. Iliadimika sokoni, na iliyokuwepo ilipanda bei mpaka nikaona aibu kumtajia mteja. Nikanunua tisheti za mtumba zilizochakaa, nikazikata mikanda myembamba. Ukiivuta inajikunja yenyewe ikawa kamba laini, haiumizi masikio. Vitenge navyo vilianza kupungua. Wanaotuletea kutoka ng'ambo ya ziwa, kutoka Congo, walikuwa wamekwama tangu Machi mipaka ilipofungwa. Nilikuwa nashona vipande vilivyobaki vya magauni ya mwaka jana, na wateja wengine walivitambua: "Hiki si cha harusi ya fulani?"

Saa tano

Huu ndio muda ambao kibanda changu kilikuwa baraza. Mama ntilie wa jirani alikuja kuchukua zake sita. Mfanyabiashara wa dagaa kutoka Kibirizi alikaa kwenye kigoda, na babu mmoja tunayemheshimu sana Ujiji, aliyekuja kufupisha kanzu, alikuwa amesimama mlangoni, mbali kidogo na sisi, kwa makusudi.

Yakaanza ya kufungiwa. Rwanda walifungiwa tangu Machi. Uganda wamefungiwa. Burundi hawakufungiwa kabisa, na kampeni za uchaguzi zinaendelea, watu wamejazana viwanjani. Na sisi tupo katikati yao, tunakwenda sokoni.

"Mimi wakinifungia," alisema mama ntilie, "siku ya kwanza tutakula akiba. Ya pili tutakula mtaji. Ya tatu waje wenyewe waniambie nipike nini."

Babu akasema kufungiwa si jambo la kizungu. Mtume, rehma na amani zimshukie, alishatuambia: mkisikia tauni iko katika nchi msiingie, na ikiwakuta mko humo msitoke. "Hiyo ndiyo karantini," akasema. "Imeandikwa kabla ya redio."

Mfanyabiashara wa dagaa akamjibu kwa adabu. "Shikamoo babu, hadithi naikubali. Lakini dagaa akishavuliwa usiku, asubuhi lazima aanikwe. Hangoji tauni ipite. Na nyumbani kuna vinywa saba."

"Marahaba. Na hivyo vinywa saba ndivyo vilivyofanya zaka iwe faradhi," babu akasema. "Anayefungiwa alishwe. Asiyelishwa usimlaumu akitoka."

Sijasikia mtu yeyote, kwenye redio wala kwenye simu, aliyelisema jambo lile vizuri kuliko yeye. Watu wa nje walituona kama taifa la wakaidi. Mimi nilikuwa nimekaa pale, mguu kwenye kanyagio, nikiwasikiliza watu watatu waliokuwa wanaogopa: mmoja akiogopa ugonjwa, mwingine njaa, wa tatu akiogopa vyote viwili kwa zamu.

Saa nane mchana

Hapa ndipo siku ilipobadilika.

Kijana wa bodaboda, wa kijiwe cha ng'ambo ya barabara, alikuja na barakoa mkononi. Nilimfahamu, asubuhi ile alikuwa miongoni mwa waliopiga kelele kwamba papai limeumbua watu. Kamba moja ilikuwa imekatika. Akataka nimshonee fasta, abiria anangoja kupelekwa Maweni, hospitali ya mkoa, na getini huingii bila barakoa.

Niliipokea, nikaigeuza. Kitambaa kilikuwa kigumu kama kimepigwa wanga. Ndani kulikuwa na duara la kahawia pale mdomo unapokaa, juu yake jingine, na jingine, yameingiliana. Rangi nyekundu ya midomo ya mwanamke ilikuwa imebaki kwenye rinda la chini. Ilinuka petroli na jasho.

"Hii ni yako?"

"Ya kijiwe, dada fundi."

"Ya kijiwe vipi?"

Akanieleza bila kuficha kitu, kwa sababu hakuona la kuficha. Walikuwa tisa. Waliinunua moja kwa kuchanga, inakaa chini ya siti ya pikipiki ya mwenyekiti wao. Mwenye safari ya hospitali au benki anaichukua, akirudi anairudisha. Na abiria asiye na yake anaazimwa.

Nilihisi mwili umepoa. Mtu aliyetoka hospitali anamvulia anayekwenda hospitali. Nikamwita Mwalimu aje aone. Mwalimu akaiangalia, akamwangalia kijana, akamuuliza taratibu kama anajua barakoa ni ya nini. Kijana akasema, "Ya kuingilia getini."

Hakuwa mjinga. Hivyo ndivyo alivyoambiwa. Mabango yalisema vaa, mlinzi alisema vaa, na hakuna aliyekaa naye dakika mbili kumweleza kwamba pumzi yako inabaki kwenye kile kitambaa, na anayekivaa baada yako anaivuta. Mwalimu alimweleza. Alitumia mswaki. "Wewe na wenzako wanane mna mswaki mmoja?" Kijana akakunja uso, akaurudisha mkono nyuma kama aliyeshika kaa la moto.

Nikampa mpya, nikamwambia awahi abiria. Ile ya zamani niliitia kwenye kopo, nikaimwagia mafuta ya taa, nikaichoma nyuma ya kibanda. Kisha nikaacha oda zote, nikashona tisa. Kwenye daftari imeandikwa: *Kijiwe, 9, deni.*

Saa kumi

Nilipeleka mwenyewe. Wengine walizivaa pale pale, wengine walizitia mfukoni, mmoja alinirudishia akisema yeye Mungu ndiye kinga yake. Nilimwambia mimi pia, na Mungu huyo huyo kanipa cherehani. Akaichukua. Sijui kama aliivaa.

Nikapitia sokoni. Malimao yalikuwa bei ya maembe ya msimu wa njaa. Nikanunua mawili.

Saa kumi na mbili jioni

Sisi wa Kigoma jua letu linachelewa. Redio inatangaza Magharibi ya Dar es Salaam, wenzetu wanafuturu, na sisi tuna zaidi ya nusu saa tukiyaangalia maji kwenye jagi. Jua lilikuwa bado juu ya milima ya Congo, ziwa limekuwa rangi ya mawese.

Miaka mingine muda huu sahani zinapishana uchochoroni: tambi za huku kwenda kule, maharage ya nazi ya kule kuja huku. Mwaka ule jirani yangu alileta bakuli, akaliweka kizingitini, akarudi nyuma hatua tatu, akapunga mkono. Mama yangu akalia. Alisema amezika wengi katika maisha yake lakini hajawahi kuletewa chakula na mtu anayerudi kinyumenyume.

Misikiti haikufungwa. Mwanangu wa kiume alikwenda tarawehe na mswala wake mwenyewe, ameshatawadha nyumbani. Nilimtazama mpaka akakata kona.

Saa tatu usiku

Dada yangu ameolewa Kigali, anaishi Nyamirambo. Kwao ilikuwa saa mbili, na siku hiyo ndiyo waliyofunguliwa kutoka majumbani baada ya wiki sita, ila ikifika saa mbili usiku kila mtu awe ndani. Alinipigia akiwa anahema.

"Nimetembea mpaka sokoni na kurudi," akasema. "Miguu inauma kama nimepanda mlima."

Nikampa pole kwa wiki zote zile. Nilikuwa namhurumia tangu Machi, kufungiwa na watoto wanne, chakula kigawiwe nyumba kwa nyumba. Akanyamaza, kisha akasema, "Sisi tulikuwa tunawaombea nyinyi. Kila nikilala najiuliza mama ameshakwenda msibani mara ngapi."

Mara nne, nikamwambia.

Mwaka uliofuata watu walianza kusema "changamoto ya upumuaji" kwa sauti ya chini, na Julai 28, 2021 Rais Samia alichanja hadharani, nami nikampeleka mama kuchanja. Lakini usiku ule hatukuwa na hilo hata la kuota. Tulikuwa na kitambaa. Kwao barakoa ilikuwa lazima, na yeye hana cherehani, ana sindano na kanga niliyompa siku ya harusi yake. Akataka vipimo.

Inchi tisa kwa sita, nikamwambia. Ukate mbili. Nikamsikia anaiweka simu sakafuni, nikasikia mkasi. Akauliza marinda yaangalie juu au chini.

"Chini," nikasema, na nikabaki kwenye simu mpaka akamaliza la tatu.