Hizi ni nguo zetu

Jana usiku binti yangu mdogo alikuwa kitandani akiimba wimbo wa taifa. Ameanza darasa la awali mwaka huu, na kila asubuhi wanauimba mstarini. "Hekima, umoja na amani, hizi ni nguo zetu." Dada yake wa darasa la nne akacheka mpaka akakaa chini. Mdogo akanyamaza, akajifunika shuka gubigubi.

Nikaenda kabatini nikatoa Ramona the Pest cha Beverly Cleary, kitabu nilichokipata kwenye vitabu vya mitumba miaka mingi kabla sijazaa. Kilitoka mwaka 1968. Ramona Quimby ana miaka mitano, anaishi mtaa wa Klickitat mjini Portland, Oregon, na ndiyo kwanza ameanza shule. Huko nako wanaimba wimbo wa taifa. Mna maneno yanayotaja mwanga wa alfajiri, "dawn's early light". Ramona anayasikia yameungana, anaamini "dawnzer" ni aina ya taa. Jioni anamshauri dada yake Beezus awashe dawnzer. Beezus anacheka.

Mkubwa wangu hapo akaacha kucheka.

Huwa nasoma nikitafsiri papo hapo, na kuna mahali nakwama kila mara. Siku ya kwanza, mwalimu Miss Binney anamwonyesha Ramona kiti, anamwambia akae pale kwa sasa. Kwa Kiingereza, neno lililotumika hapo kwa "sasa" ndilo hilohilo la "zawadi". Basi Ramona anang'ang'ania kiti, wenzake wanacheza, yeye anangoja zawadi. Niliwahi kujaribu "kaa hapa", ili mtoto adhani kuna kaa wa pwani chini ya meza. Inachekesha, ila haifiki. Ramona amepewa ahadi na mwalimu aliyempenda tangu alipomwona, naye anatimiza upande wake kwa kutobanduka. Ukiondoa kule kungoja, umemwondoa Ramona mwenyewe. Jana sikutafuta neno, nikaeleza tu jinsi ilivyokuwa.

Shuka likafunuka. "Akapewa?"

"Hakupewa."

"Basi mwalimu amekosea."

Nampenda Cleary kwa sababu hiyo. Sisi wasomaji tunacheka, lakini yeye hamcheki Ramona hata mara moja. Alikuwa mkutubi wa watoto kabla ya kuandika, na naamini aliwasikiliza sana. Hata mkubwa hakumsahau: Beezus and Ramona, cha mwaka 1955, kinamfuata Beezus mwenye miaka tisa, anayeumia moyoni kwa kuwa kuna nyakati hampendi mdogo wake. Ni huko Ramona anapong'ata matofaa mengi, kila moja mara moja tu, maana tonge la kwanza ndilo tamu kuliko yote. Mdogo wangu hulitaka tukio hilo kila wiki, na haoni kosa liko wapi.

Vitabu hivyo viwili vilichorwa na Louis Darling, kwa mistari myepesi ya wino. Tulipomaliza, mdogo alibaki akimtazama Ramona muda mrefu.

Leo asubuhi niliwakuta jikoni. Mkubwa ameshika mfuniko wa sufuria mbele ya kifua, anamwonyesha mdogo wake ngao ni nini, naye anaugonga kwa mwiko. Kisha wakaimba pamoja. Mdogo akatamka "ngao" sawasawa kabisa, huku mkono mmoja ukishika kola ya shati lake jipya la shule.