Siku moja maishani mwangu: kumsaka mtoto wa Pen-y-bryn

Saa 2:30 asubuhi. Napanda kilima cha Penglais, Aberystwyth, kwenda Maktaba ya Taifa ya Wales. Kazi yangu ni kuwatafutia watu mababu zao. Mteja wa leo yuko Scranton, Pennsylvania, mji waliohamia wachimba makaa wengi kutoka Wales. Biblia ya ukoo wake inasema babu wa babu yake, David Davies, alizaliwa 1831 katika shamba la Pen-y-bryn, kaunti ya Ceredigion huku Wales, na baba yake aliitwa Evan. Kina Davies huku ni wengi mno, kwa hiyo nashika jina la shamba.

Saa 3:30. Penseli tu ndizo zinazoruhusiwa. Nafungua rejista ya ubatizo ya parokia. Kuanzia 1813 rejista hizi zilichapwa zikiwa na safu ya makazi na ya kazi ya baba, hivyo jicho linateremka upesi. Nafika 1836. Mtoto hayumo.

Saa 5. Kukosekana kwake kunanielekeza chapelini, yaani kwenye nyumba za ibada za Waprotestanti wasio Waanglikana. Wawelshi wengi walikuwa wameshaliacha Kanisa la Anglikana, na Wamethodisti wa Kikalvini walijitenga rasmi mwaka 1811. Wabaptisti hawabatizi watoto wachanga, basi nawaweka mwisho. Uandikishaji wa vizazi wa serikali ulipoanza mwaka 1837, chapeli ziliombwa kupeleka madaftari yao London. Leo yamehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka huko Kew, London, nami nasoma nakala. Chapeli ya kwanza, hola. Ya pili, hola. Kisha katika chapeli ya parokia jirani, kwa mwandiko uliolala: David, mwana wa Evan, Pen-y-bryn. Moyo unanienda mbio. Furaha hii sijawahi kuizoea.

Saa 7, supu na mkate.

Saa 8 mchana. Ndoa ya wazazi siitafuti chapelini hata kidogo. Sheria ya Hardwicke ya ndoa, iliyoanza kutumika Machi 1754, iliwataka wote isipokuwa Wayahudi na Wakweka (Quakers) wafunge ndoa katika kanisa la Anglikana, na ikawa hivyo hadi 1837. Hata Mmethodisti wa kweli kweli alisimama siku hiyo mbele ya kasisi wa parokia. Naenda moja kwa moja parokia ya upande wa mke, ambako harusi nyingi zilifungwa. Bwana harusi ameandikwa Evan David, na penye sahihi ametia alama ya msalaba. Vijijini huku, hadi karne ya 19, mtoto aliweza kubeba jina la baba yake badala ya jina la ukoo lisilobadilika. Kwa hiyo baba yake Evan alikuwa David, na anayetafuta Davies peke yake angeupita ukurasa huu.

Saa 9:30. Wosia. Kabla ya 1858 wosia zilithibitishwa katika mahakama za kanisa, na zile za Wales, zaidi ya 190,000, zimo humu. Yeyote anaweza kuzisoma bure mtandaoni. Namkuta David wa Pen-y-bryn akimwachia mwanawe Evan ng'ombe wawili, na binti yake kitanda na matandiko. Vizazi vitatu vimeungana.

Saa 12 jioni. Nampigia shemasi wa chapeli ile. Yapo madaftari ambayo hayakupelekwa London, yangali makabatini, na chapeli zinafungwa na kuuzwa mwaka hadi mwaka. Namsihi asiruhusu karatasi hata moja itupwe. Mahali pake ni maktaba. Amekubali nije Alhamisi, funguo ziko kwa dada yake.