Usiku wa Machi kwenye Mlango-bahari wa Gerlache

Giza limerudi Antaktika. Desemba mlinzi wa zamu huona barafu hata saa sita ya usiku. Machi ni taa kubwa za kumulika zilizo omoni, na nahodha wa meli ya watalii hupunguza mwendo mpaka maili 5 za baharini kwa saa, au hata chini ya hapo.

Chombo kilichoimarishwa dhidi ya barafu si chombo cha kuvunja barafu. Mabati yake ni manene zaidi kwenye ukanda ulio usawa wa maji, na mataruma, yaani mbavu zake, yamesogezwa karibu karibu. Kinaweza kupenya kati ya vipande vya barafu ya bahari. Barafu iliyomeguka kutoka nchi kavu ni habari nyingine, ngumu kabisa. Siwa barafu kubwa rada huliona mapema. La kuogopwa ni pande lisilofika mita 1 juu ya maji, tani kadhaa, jeusi kama bahari yenyewe. Mawimbi hulificha, limebaki jicho la mtu tu. Explorer, meli ya safari hizi hizi iliyojengwa 1969, ilitobolewa na barafu karibu na kisiwa cha King George usiku mmoja wa Novemba 2007, ikazama. Watu wote 154 waliokolewa, na ninashukuru kila ninapoikumbuka.

Mafundi kule chini wana adui mwingine: barafu iliyosagika kama uji. Injini hupozwa kwa maji ya bahari yanayoingia kupitia sanduku lililo ubavuni. Uji huo ukifyonzwa, chujio huziba, presha ya pampu hushuka, joto la injini hupanda. Jenereta zikijizima, meli nzima imekufa katikati ya barafu. Kwa hiyo hufunguliwa mlango wa chini wa maji badala ya ule wa juu, na sehemu ya maji yaliyokwisha kupashwa joto injinini hurudishwa sandukuni kuyeyusha. Karibu na ufuko, mlango wa chini nao hufyonza mchanga, na krili, wale kamba wadogo wa baharini, huziba chujio vilevile. Kusafisha kuna mpangilio: hamia chujio la pili, funga vali zote mbili, fungua kifuniko, zoa uji, funga, kisha toa hewa yote. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo husahaulika, na pampu yenye hewa haivuti maji.

Asubuhi kazi ni ya buti. Ufukweni hawazidi abiria 100 kwa wakati mmoja, mita 5 kutoka kwa pengwini, na tangu homa ya mafua ya ndege ifike huku, hakuna kukaa wala kupiga magoti chini. Wanaporudi, soli hujaa kinyesi cha pengwini, chekundu kwa krili. Brashi kwanza, dawa baadaye: dawa haipenyi tope. Kwenye mikunjo ya suruali na Velcro ndiko mbegu hujificha, na nyasi ya Poa annua imekwisha kuota King George, kwa hiyo sioni uchunguzi huu kuwa usumbufu. Ncha ya kijiti hupitishwa katika kila mfereji wa soli. Kijiwe kimoja cha ukubwa wa punje ya mchele hutosha kubakiza tope nyuma yake. Kikitoka, buti hurudi kwenye brashi, halafu kwenye dawa, ndipo litundikwe.