Siku moja maishani mwangu: nikisimika Zabbix kwenye chumba cha seva, Moshi

Mimi ni msimamizi wa mifumo kwenye chama cha akiba na mikopo chenye makao makuu Moshi mjini na matawi Himo, Bomang'ombe na Mwanga. Seva zetu si nyingi, lakini ndizo zinazobeba ada za shule, mikopo ya pembejeo na akiba za wazee waliouza kahawa yao miaka nenda rudi. Naandika siku hii kwa ajili ya wenzangu wa taasisi ndogo wanaodhani kwamba mfumo wa kuangalia seva saa zote, kama Zabbix, ni mambo ya mabenki makubwa.

Saa 1:20 asubuhi

Nafika kabla kaunta hazijafunguliwa. Namwamkia mzee wa ulinzi, naye ndiye mwenye taarifa ya kwanza: umeme ulikatika alfajiri, jenereta ikawashwa, ukarudi. Saa ngapi hasa? "Kama saa kumi hivi, mwanangu." Daftari lake la lindo limekuwa rekodi yetu pekee ya umeme kwa muda mrefu, na analiandika kwa uaminifu. Ila daftari haliwezi kujua betri ya UPS, kifaa kinachozishikilia seva umeme ukikatika, ilibakiwa na dakika ngapi, wala ni seva ipi iliyozima na kuwaka yenyewe.

Mwezi uliopita diski ya seva ya hifadhidata ilijaa logi (kumbukumbu za matukio ambazo seva huziandika yenyewe), miamala ikasimama. Tulijua baada ya dada wa kaunta kupiga simu: "Kaka, mfumo umegoma, na foleni imeshafika nje." Diski haijai kwa dakika moja. Ilikuwa inajaa kwa siku kadhaa, asubuhi na jioni, na hapakuwa na kitu chochote kinachoihesabu. Wanachama walisimama juani mpaka mchana kwa jambo ambalo lingemalizwa siku mbili kabla bila mtu yeyote kujua. Hilo ndilo lililonifanya niombe siku nzima ya kazi hii.

Saa 2:00 asubuhi

Tunaanza, mimi na kijana wa mafunzo kwa vitendo kutoka chuo. Tuna seva ya zamani iliyobaki baada ya kuhamisha mfumo wa barua pepe, na RAM yake ya GB 8 inatosha kabisa kwa mashine chache kama zetu. Imewekwa Ubuntu 24.04 upya.

Kitu cha kwanza ni saa. Nampa kijana aandike `timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, kisha tunahakikisha chrony, programu ya kulinganisha saa kupitia mtandao, inafanya kazi kwenye kila mashine. Ukiwa na seva tatu zenye saa tatu tofauti, huwezi kujua kama swichi ilizima kabla ya hifadhidata au baada yake, na utabaki kulaumu kifaa kisicho na kosa.

Halafu Zabbix yenyewe. Nimechagua toleo la 7.0, lililotoka Juni 2024, kwa sababu ni toleo la muda mrefu: miaka mitatu ya matengenezo kamili na miwili ya marekebisho ya lazima, hivyo linafika 2029. Ubuntu 24.04 nayo inasindikizwa mpaka 2029. Kwenye taasisi ambayo fundi anaweza kuhama na mrithi wake akachelewa kupatikana, tarehe hizo mbili kwenda pamoja ni jambo kubwa.

Hifadhidata ni PostgreSQL. Tunatengeneza mtumiaji na hifadhidata, kisha tunamimina muundo wa majedwali:

`zcat /usr/share/zabbix-sql-scripts/postgresql/server.sql.gz | sudo -u zabbix psql zabbix`

Mistari inapita kwenye skrini kwa muda. Kijana anauliza kama imekwama. "Subiri, mdogo wangu, usiikatize." Ukiikata katikati unabaki na majedwali nusu, na seva itakataa kuwaka. Ikiisha, tunaandika nenosiri kwenye mstari wa `DBPassword` ndani ya `/etc/zabbix/zabbix_server.conf`, tunawasha huduma, tunafungua kivinjari. Jina la kuingilia ni Admin, A kubwa, na nenosiri ni zabbix, herufi ndogo. Dunia nzima inalijua nenosiri hilo, kwa hiyo kazi ya kwanza baada ya kuingia ni kulibadilisha, kabla hata ya kuangalia menyu.

Saa 4:15 asubuhi

Mtori pale ng'ambo ya barabara. Kijana ananiuliza kwa nini si Prometheus, mfumo mwingine wa kuangalia seva, maana ndiyo waliyofundishwa chuoni pamoja na Grafana ya kuchorea grafu. Swali zuri. Prometheus ilianzia SoundCloud mwaka 2012, na kama kazi yako ni programu zinazozaliwa na kufa kila saa kwenye makontena (vifurushi vya programu vinavyojitegemea), nenda nayo bila kusita. Sisi tuna swichi, ruta, UPS na seva chache ambazo hazihami. Zabbix ina kila kitu mahali pamoja: ukusanyaji, hifadhi, grafu, tahadhari na ukurasa wa kuendeshea, pamoja na violezo, yaani seti za vipimo na tahadhari, vilivyo tayari kwa vifaa vingi vya kawaida.

Namsimulia pia ilikotoka. Alexei Vladishev, msimamizi wa mifumo wa Latvia, alianza kuiandika mwaka 1998 kwa matumizi ya kazini kwake, akaitoa hadharani kama programu huria mwaka 2001, na kampuni ikaja 2005. Kuanzia 7.0 leseni yake ni AGPL, leseni ya programu huria. Kwa chama kama chetu maana yake ni kwamba hatulipi chochote kwa kila mashine tunayoiongeza, na hakuna kipengele kilichofungiwa kwa wenye hela. Pesa ya leseni ambayo tungelipa kwingine imebaki kwenye bajeti, na nimeiombea betri mpya.

Saa 5:00 asubuhi

Tunaweka ajenti kwenye seva. Ajenti ni programu ndogo inayokaa kwenye mashine na kujibu maswali: diski imejaa kiasi gani, RAM imebaki kiasi gani, huduma fulani iko hai? Tunatumia agent 2. Seva ya Zabbix inaiuliza kupitia poti (mlango wa mawasiliano) 10050. Ajenti ikiwa yenyewe ndiyo inayopeleka, inagonga 10051 upande wa seva. Nimemchorea kijana mishale miwili ubaoni, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hufungua poti isiyo sahihi kwenye ukuta wa moto na kushinda wakitafuta tatizo kwingine.

Kila ajenti inapewa ufunguo wake wa siri: `openssl rand -hex 32`, unahifadhiwa kwenye faili ambalo mtumiaji zabbix pekee analisoma, kisha unaingizwa kwenye ukurasa wa Zabbix. Jina la ufunguo, tofauti na ufunguo wenyewe, husafiri wazi mtandaoni. Kwa hiyo majina yetu hayataji tawi wala kazi ya seva. Tunatunza pesa za watu. Mtu anayesikiliza waya asiambiwe hifadhidata iko wapi.

Saa 7:00 mchana

Swala, chakula, narudi.

Saa 8:10 mchana

UPS. Hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa sababu Moshi umeme unakatika na kurudi, na kila kitu kingine kinategemea betri hizi.

UPS yetu ina kadi ya mtandao inayozungumza SNMP, lugha ya kuulizia hali ya vifaa vya mtandao, na kwa bahati inafuata muundo wa jumla wa RFC 1628, waraka wa viwango vya UPS. Si zote zinafuata. Nyingine zina muundo wa mtengenezaji wake, na hapo unatafuta kiolezo chake. Vipimo viwili vinanitosha kuanzia. Cha kwanza ni `1.3.6.1.2.1.33.1.4.1.0`, chanzo cha umeme unaotoka: ikijibu 3 mambo ni ya kawaida, ikijibu 5 tuko kwenye betri. Cha pili ni `1.3.6.1.2.1.33.1.2.3.0`, dakika zinazokadiriwa kubaki.

Nimekubaliana na mhasibu mkuu kuhusu muda, na jenereta iko tayari. Namwambia kijana achomoe plagi ya UPS ukutani. UPS inaanza kulia. Kwenye skrini 3 inageuka 5. Dakika zinazobaki: 41. Tunasubiri, hatugusi kitu. Baada ya dakika tano inasema 33. Baada ya kumi inasema 19.

Kijana anahesabu kwa vidole na kunitazama. Dakika kumi zimepita saani, lakini betri imepoteza ishirini na mbili. Hiyo ni betri iliyochoka: ikipumzika inajiona nzima, ikibebeshwa mzigo inakiri. Ile 41 ya mwanzo ndiyo tuliyokuwa tukiisoma kwenye kioo cha UPS kila tulipopita, tukaondoka tumeridhika. Tunarudisha plagi, tunahifadhi picha ya grafu, na hiyo naiambatisha kwenye ombi la betri. Ombi lenye mstari unaoporomoka lina nguvu kuliko maneno yangu.

Saa 9:30 alasiri

Sasa tahadhari, na kwa maoni yangu hii ndiyo kazi yenyewe. Kukusanya namba ni rahisi. Ukitumia violezo kama vilivyo na kuruhusu kila kichochezi (sharti linaloibua tahadhari) kitume ujumbe, kufikia Ijumaa simu yako inalia mara nyingi kiasi kwamba unaizima sauti, na siku diski inajaa kweli hutasikia. Kwangu kipimo ni hiki: ujumbe ukifika saa nane usiku, kuna kitu ambacho mtu anapaswa kuamka akifanye? Kama hakuna, ubaki kwenye dashibodi, tutauona asubuhi.

Tunaanza na diski. Kiolezo kinatumia asilimia, na asilimia haisemi haraka ya kitu: diski inaweza kukaa 85 mwaka mzima bila shida, nyingine ikatoka 60 hadi 100 wikiendi moja. Zabbix ina kitendakazi `timeleft` kinachoangalia mwendo wa saa zilizopita na kukadiria sekunde zilizobaki mpaka kufikia kikomo. Tumeweka hivi: ikibaki chini ya siku tatu, onyo kwenye dashibodi; chini ya saa sita, amsha mtu. Kwa mwendo ule wa mwezi uliopita, onyo lingetokea siku mbili au tatu kabla ya foleni.

Mzigo wa prosesa tunaupima kwa `min` ya dakika kumi badala ya thamani ya mwisho. Maana yake ni kwamba lazima dakika zote kumi ziwe juu ya kikomo ndipo tahadhari itoke. Ripoti ya mhasibu inayochukua dakika mbili haimsumbui mtu.

Kisha tegemezi. Tunachomoa waya wa kiungo cha Bomang'ombe. Ndani ya dakika chache ukurasa unajaa wekundu: ruta haijibu, swichi haijibu, printa, kompyuta za kaunta, kila kitu cha tawi lile. Tatizo ni moja, kelele ni nyingi. Tunaviambia vichochezi vya vifaa vyote vya tawi vitegemee kichochezi cha ruta, tunarudisha waya, tunasubiri vitulie, tunachomoa tena. Safari hii kinatokea kimoja tu: kiungo cha Bomang'ombe kimekatika. Kijana anafurahi, nami nafurahi zaidi yake.

Saa 10:45 jioni

Ujumbe utapita wapi? Zabbix inakuja na njia ya Telegram iliyo tayari, nasi tumeiweka kwa mambo ya kawaida. Lakini intaneti ya makao makuu ikikatika, Telegram haitaweza kuniambia kwamba intaneti imekatika. Kwa hiyo tumechomeka modemu ya GSM yenye laini ya simu kwenye seva, tumeondoa PIN ya laini, tumemwingiza mtumiaji zabbix kwenye kundi la dialout ili aruhusiwe kugusa `/dev/ttyUSB0`, na Zabbix inatuma SMS yenyewe bila kupitia intaneti. Salio la laini hiyo limeingia kwenye matumizi ya kila mwezi ya ofisi. Hilo msilisahau, laini isiyo na salio ni ukimya.

Meneja anapita kuangalia. Simwonyeshi grafu. Namwomba akae karibu na simu yake, kijana anachomoa waya wa intaneti, na baada ya muda simu ya meneja inaita kwa SMS: "Intaneti makao makuu haipatikani tangu 16:52." Anaisoma, anauliza nani mwingine ataipata. Ni swali ninalolipenda. Tunapanga papo hapo: mimi kwanza, nisipothibitisha ndani ya dakika ishirini, mwenzangu wa mtandao, dakika ishirini nyingine, yeye mwenyewe.

Saa 1:00 usiku

Bado niko ofisini, naandaa kompyuta ndogo ya kwenda Himo kesho. Itakuwa proksi ya Zabbix yenye hifadhidata ya SQLite: inakusanya vipimo vya tawi hapo hapo na kuvituma Moshi. Kiungo kikikatika inavitunza, ila kwa kawaida inatunza saa moja tu, na kiungo cha Himo kimewahi kulala chini siku mbili. Kwa hiyo kwenye `ProxyOfflineBuffer` nimeandika 72, yaani saa 72. Pia nimeiwekea skripti fupi ya cron (ratiba ya kazi zinazojiendesha) yenye modemu yake, inayogonga seva ya Moshi kila dakika tano na kunitumia SMS isipopata jibu, kwa sababu hii seva tuliyoisimika leo nayo inaweza kuzima, na haiwezi kujitangaza yenyewe.

Nimefunga kompyuta kwenye boksi pamoja na waya wa mtandao, modemu, kipande cha soketi na karatasi yenye anwani za IP za tawi. Hiace ya kwanza ya Himo naipanda saa 12:30 asubuhi, ili niwe nimemaliza kabla kaunta hazijafunguliwa.